Si Mapepe Wala Uvivu: Wanafunzi wa Upili Wanaowatetea Wenzao Wenye Ubongo Tofauti

Huku kwetu Pwani mtoto asiyefanana na wenzake hakosi jina. Asiyetulia ana mapepe. Asiyezungumza ana kitu, na kitu hicho hakitajwi baada ya magharibi. Aliyefika darasa la sita bado anachanganya b na d ni mvivu, au ni mamake aliyemdekeza. Anayeziba masikio kengele ikilia, anayetaka kikombe kile kile kila siku na kuangua kilio akibadilishiwa, huyo hupelekwa kusomewa, akanyweshwa kombe, akafungwa hirizi. Asipobadilika husemwa amechezewa.

Sina ugomvi na dua. Muislamu huomba akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Lakini baada ya dua ya Ijumaa, mtoto huyo Jumatatu hurudi darasani, na huko jina lake linamsubiri pale pale alipoliacha.

Makala haya ni ya watu ambao wengi wetu hatukuwahesabu katika jambo hili: wanafunzi wa shule za upili. Katika nchi kadhaa vijana wadogo wameshika wenyewe kazi ya kuwatetea wenzao, na mara nyingi kujitetea, wakisema kwamba kuzaliwa na ubongo unaofanya kazi kwa namna nyingine si kosa la kuadhibiwa wala aibu ya kufichwa. Nitaeleza wanatetea nini, wamefika wapi, sheria ya Kenya inasemaje, na mzazi au mwanafunzi wa Pwani anaweza kuanzia wapi.

Maana ya tofauti za ubongo

Kiingereza kina neno lake, ambalo tukilitamka Kiswahili ni nyurodaivesiti. Mimi nitasema tofauti za ubongo. Wazo lenyewe si gumu. Jahazi, dau na ngalawa zote ni vyombo vya baharini. Ukiipakia ngalawa shehena ya jahazi itazama, na hakuna nahodha atakayesema fundi wa ngalawa alikosea. Wanaotumia neno hili wanasema shule zetu zimejengwa kwa chombo cha aina moja tu, halafu tunashangaa vingine vikizama.

Usonji ndio unaojulikana zaidi. Mtoto mwenye usonji huweza kuchelewa kuzungumza, au asizungumze kabisa. Mwingine huzungumza kama kadhi, ila haelewi mzaha, hapendi kutazamwa machoni, na akishika jambo moja, tuseme ramani, au treni, au saa za swala za miji ya dunia, hulijua kuliko mwalimu wake. Kelele, mwanga mkali na nguo ya kukwaruza humuumiza kwa kiasi ambacho sisi wengine hatukihisi.

ADHD, herufi ambazo wengi wamezisikia hata kama hawajui kirefu chake, ni hali ya kushindwa kutulia, au kushindwa kulishika jambo moja mpaka mwisho, au yote mawili. Hapa watu hukosea sana. Wapo wenye ADHD wasiorukaruka hata kidogo. Hukaa kimya kando ya dirisha, mwili uko darasani Kisauni na fikira ziko Malindi.

Disleksia ni shida ya kuunganisha sauti na herufi, na haina uhusiano na uwezo wa kufikiri. Diskalkulia ni hiyo hiyo upande wa hesabu. Dispraksia huingia katika viungo: mtoto anayemwaga chai kila asubuhi, asiyeweza kufunga kamba za viatu, ambaye hati yake haisomeki. Tourette ni mishtuko ya mwili na sauti zinazomtoka mtu bila hiari yake, na katika zote hii ndiyo hasa inayodhaniwa kuwa jini.

Hakuna kati ya hizi iliyo wazimu, na hakuna inayoambukiza. Mara nyingi mtoto mmoja huwa na mbili au tatu kwa pamoja. Mara nyingi pia hupita katika ukoo, ndiyo maana baba anayeelezwa habari za mwanawe wakati mwingine hunyamaza ghafla; amekumbuka utoto wake. Kwa usonji peke yake, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 ulikuwa na mtu 1 kati ya kila watu 127. Katika shule ya upili ya wanafunzi elfu moja na mia mbili, hesabu hiyo ingetoa kama watu tisa, kabla hujagusa ADHD na disleksia ambazo ni za kawaida zaidi.

Mama ndiye anayelaumiwa sana, na asidhani ni kwetu tu. Daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943. (Daktari mwanamke huko Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa ameandika mambo yanayofanana na hayo tangu miaka ya 1920, lakini nani alimsikiliza?) Baadaye ikazuka nadharia kwamba watoto wanakuwa hivyo kwa sababu mama zao ni baridi kama jokofu, hawana mapenzi. Bruno Bettelheim aliieneza nadharia hiyo katika miaka ya 1960, na wamama wakaibeba. Aliyeivunja ni mwanasaikolojia Bernard Rimland, naye ni baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu chake cha 1964.

Uvumi wa pili ni ule wa chanjo. Ulitoka katika makala ya Andrew Wakefield kwenye jarida la Lancet mwaka 1998. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari Uingereza. Uvumi haukuondolewa. Kila msimu wa chanjo ukifika nausikia tena barazani.

Mwaka huo huo wa 1998 ndipo neno nyurodaivesiti lilipoanza kuonekana katika maandishi, kwa Judy Singer wa Australia na kwa mwandishi Harvey Blume wa Marekani. Lakini chungu kilikuwa jikoni zamani. Watu wazima wenye usonji walikuwa wakiandikiana na kukutana, na mwaka 1993 mmoja wao, Jim Sinclair, aliwaambia wazazi waache kuomboleza mtoto ambaye hakufa. Yuko hapo mbele yenu, alikuwa akimaanisha, mnamlilia nani?

Wanafunzi wanaingia

Siena Castellon alikuwa mwanafunzi Uingereza. Ana usonji, ADHD, disleksia na dispraksia, zote nne. Alinyanyaswa shuleni na wenzake, akahamishwa shule zaidi ya mara moja. Akiwa na miaka 13 alianzisha tovuti ya kuwasaidia wanafunzi kama yeye, kwa sababu alipotafuta maelezo alikuta mengi yameandikiwa wazazi na walimu. Hakuna aliyekuwa akizungumza na mtoto mwenyewe. Mwaka 2018 akaanzisha wiki maalum ya kusherehekea tofauti za ubongo mashuleni. Wiki hiyo sasa hufanyika kila Machi na imevuka mipaka ya nchi yake. Mwaka 2020 alitoa kitabu cha kuwaongoza wasichana wenye usonji, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukamteua miongoni mwa Viongozi wake Vijana wa Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Nasimama kidogo kwenye hilo la wasichana. Wasichana wengi wenye usonji hugunduliwa wakiwa wamechelewa kwa sababu hujifunza kuficha. Huwatazama wenzao, wakaiga wanavyocheka, wanavyosalimu, wanavyoshika mikono, na jioni hurudi nyumbani wamechoka kama aliyepakua meli. Sasa waza msichana huyo awe wa kwetu. Kimya chake tutakisifu. Tutasema mtoto ana haya, ana adabu, hana maneno mengi. Anateketea na sisi tunampongeza.

Kabla ya Castellon kulikuwa na kijana wa Marekani. Mwaka 2007 Soeren Palumbo, mwanafunzi wa upili katika jimbo la Illinois, alisimama mbele ya wenzake akazungumza juu ya dada yake mdogo mwenye ulemavu wa akili, na juu ya neno moja la matusi ambalo wanafunzi walilitumia kila siku kwa mzaha. Hotuba ile ikasambaa. Mwaka 2009, akiwa ameingia chuo kikuu, yeye na Timothy Shriver, kijana mwenzake, wakaanzisha kampeni ya kuliondoa neno hilo mashuleni. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za familia ya msichana mdogo wa Maryland, Rosa Marcellino, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoliondoa jina hilo katika sheria za afya, elimu na kazi za serikali kuu ya Marekani. Ulemavu wa akili si kitu kimoja na disleksia au usonji, ila njia waliyopita ni hii hii: kuanza na jina.

Chuo Kikuu cha Stanford, California, nacho kina mradi wa tofauti za ubongo unaoongozwa na daktari Lawrence Fung. Ndani yake ipo kambi ya likizo ya wanafunzi wa upili inayofanywa kwa intaneti. Kijana hujifunza hoja, hupanga mradi wa shule yake mwenyewe, kisha hurudi kuufanya. Naipenda hiyo hatua ya mwisho. Huku kwetu tunajua sana makongamano ambayo mtu hurudi na fulana na cheti.

Na Greta Thunberg, yule msichana wa Sweden aliyekaa nje ya bunge Agosti 2018 akiwa na miaka 15 kwa ajili ya mazingira, hakuficha kwamba ana usonji. Alisema hali yake ndiyo iliyomfanya asiweze kulipuuza jambo ambalo wengine walilizoea. Vijana wengi walijifunza neno usonji kwake kuliko kwa daktari yeyote.

Kwa nini wanafunzi, na si walimu?

Unyanyasaji wa shule ya bweni hutokea mahali mwalimu hayupo. Hutokea baada ya taa kuzimwa, kwenye foleni ya githeri, bafuni, nyuma ya darasa wakati wa masomo ya jioni. Mwalimu wa zamu hawezi kuwa kila mahali, na hata akiwepo hasikii lugha ya macho. Anayedhulumu yuko bweni moja na anayedhulumiwa. Anayeweza kusema "mwacheni" naye yumo humo humo, kitanda cha juu. Waraka wa wizara hauna mamlaka saa nne usiku, ila rafiki anayo.

Najua hili kwa upande usiofaa. Katika darasa letu la shule ya msingi, miaka ya tisini, palikuwa na mvulana aliyeweza kufungua redio iliyokufa na kuifunga ikiimba. Watu wazima walimletea redio zao. Lakini akiinuliwa kusoma, jasho lilimtoka, herufi zikamkimbia, na mwalimu alikuwa na desturi ya kutugeukia ili tucheke. Tukacheka. Mimi nilikuwa safu ya pili, nilicheka vizuri tu. Aliacha shule darasa la saba. Fimbo zile hazikumfukuza. Nasi sote tulichapwa. Kilichomfukuza, nadhani sasa, ni kicheko.

Wanachokiomba

Ukisoma madai ya wanafunzi hawa utashangaa yalivyo madogo. Hawaombi majumba. Wanaomba chumba kimoja kimya ambapo mtu anaweza kukaa dakika kumi kelele zikimzidi. Hapa kwetu kona ya maktaba ingetosha, au chini ya mwarobaini. Wanaomba maagizo yaandikwe ubaoni, si kusemwa mara moja tu mwalimu akitoka mlangoni. Wanaomba ratiba isibadilishwe ghafla, au ikibadilishwa waambiwe mapema. Wanaomba wasilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujitayarisha. Wanaomba ruhusa ya kushika kitu kidogo mkononi, mpira wa kubonyeza au hata tasbihi, kwa sababu wapo ambao mkono ukitulia akili hutoroka. Wanaomba muda zaidi wa mtihani.

Jambo la sare nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sweta ya nailoni katika joto la Mombasa la Februari ni adhabu kwa kila mtu. Kwa mtoto ambaye ngozi yake huhisi kila uzi, ni mateso ya saa nane, na akiivua anaandikwa kitabuni kwamba ni mtovu wa nidhamu. Mkuu wa shule anaweza kulimaliza hilo kwa sentensi moja.

Wanaomba pia wenzao wafundishwe. Wanafunzi wanaotetea jambo hili hupanga mazungumzo gwarideni, hubandika mabango, huonyesha filamu fupi, na hujitolea kuwa marafiki wa kumsindikiza mwanafunzi mgeni. Kuna tofauti kubwa kati ya mtaalamu wa tai kuja kueleza usonji, na mwanafunzi wa darasa moja na wewe kusimama na kusema: ni mimi, na hivi ndivyo inavyokuwa. Ingawa hakuna anayepaswa kulazimishwa kujitangaza. Siri ya mtu ni yake.

Majina yetu wenyewe

Kiswahili kinatupa somo hapa, na si somo la kujivunia sana. Watu wengi jina lao huanza na m-: mtu, mgeni, mwalimu, mvuvi. Ila mwenye upungufu alipewa ki-, kiambishi cha vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo. Walimu wa sarufi watanisahihisha kwamba upatanisho hubaki wa watu, kwamba tunasema kipofu amekuja wala si kimekuja, na ni kweli. Lakini sikio la mtoto linasikia kikombe, kiti, kiwete.

Kwa miaka ya karibuni tumehamia asiyeona, asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Kwa tofauti za ubongo hatujafika hata hapo. Tunayo taahira, punguani, zuzu, juha, mwehu, hamnazo, na kila kizazi huongeza lake. Neno usonji linanifurahisha kwa sababu halijageuzwa tusi bado. Tuliwahi kabla wavulana hawajalishika uwanjani. Wapo ng'ambo wanaobishana kama iwe "mtu mwenye usonji" au jina la hali litangulie, kwa kuwa hali hiyo ni sehemu ya nafsi yao. Ubishi huo una maana kwao. Kwa huku, nadhani njia fupi ni kumuuliza mhusika anapenda aitweje, na mara nyingi atajibu kwamba anapenda aitwe jina lake.

Sheria ya Kenya inasemaje

Tatizo letu si uhaba wa sheria. Katiba ya 2010, kipengele cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Narudia hiyo ya mwisho: kuitwa. Jina limo ndani ya Katiba. Na tafsiri ya ulemavu katika kipengele cha 260 inataja hali ya kiakili na ya kisaikolojia, pamoja na ile ambayo jamii tu inaiona kuwa kizuizi, kwa hiyo hakuna wa kusema usonji haumo kwa kuwa hauonekani kwa macho.

Viboko vilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kimwili na kisaikolojia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu inayotaka wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilichukua nafasi ya ile ya 2003.

Kinachokosekana ni macho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu wapatao laki tisa, asilimia 2.2 ya walio na miaka mitano na zaidi, kwa kuuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia na kuwasiliana. Kijana mwenye disleksia aliyefika kidato cha tatu kwa kukariri asingeingia humo. Nyumbani wangejibu kwamba hana tatizo, ila hapendi shule. Hata shule maalum zinazojulikana sana Mombasa ni za ulemavu unaoonekana: Likoni ya wasioona, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo. Zimefanya kazi kubwa. Lakini mtoto mwenye tofauti ya ubongo kwa kawaida yuko katika shule ya kawaida, darasa la watu sitini, na hakuna aliyemwona.

Pingamizi

Harakati hii ina wapinzani wenye akili, na itakuwa dhuluma kuwapita. Baadhi ni wazazi wa watoto wenye usonji mzito: mtoto asiyesema, anayejigonga kichwa ukutani, atakayehitaji mtu usiku na mchana maisha yake yote. Wanasema: vijana hawa wenye kuhutubia na kuandika vitabu hawazungumzi kwa niaba ya mwanangu, na mkisema ni tofauti tu, serikali itapata kisingizio cha kutotoa msaada. Mwaka 2021 kamisheni ya jarida la Lancet ilipendekeza watu hao watajwe kwa jina lao, usonji mzito, ili wasisahauliwe. Wengine wakaipinga lugha hiyo wakasema inagawa watu mafungu.

Mimi niko na wazazi hawa katika jambo la msaada. Ukimtazama mama wa Likoni ambaye hajalala usiku mzima miaka kumi, hutamwambia asherehekee. Lakini sioni kwamba madai ya wanafunzi yanamnyima kitu. Shule iliyojifunza kutomcheka anayekwama kusoma ndiyo shule ambayo siku moja itamfungulia mlango mtoto wake.

Pingamizi ya pili ni ya kwetu zaidi: kwamba haya ni mambo ya wazungu. Muislamu anayesema hivyo na arudi kwenye Sura ya Abasa na kisa cha Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, ambaye kwa ajili yake aya ziliteremka. Watu husimulia mwanzo wa kisa hicho wakaacha mwisho. Abdullah hakupewa tu huruma. Alikuwa muadhini wa Mtume (SAW) pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja aliachiwa usimamizi wa Madina Mtume aliposafiri. Alipewa kazi. Na kama tunatafuta nchi, azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 lililoifanya tarehe 2 Aprili kuwa Siku ya Usonji Duniani lilipendekezwa na Qatar.

Vyuo vyetu vya Qurani navyo vinahusika. Mtoto ambaye herufi zinamchezea huweza kuishika sura kwa kusikia, na ustadhi mwerevu hulijua hilo bila kusomea popote: humsomea, humrudia, humwacha ahifadhi kwa sikio kwanza. Ustadhi mwingine anayo bakora. Wote wawili wako mtaani kwako.

Pa kuanzia

Kwa wanafunzi, mlango uko wazi kuliko wanavyodhani. Shule za upili za juu zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, na katika mtaala huo huduma kwa jamii ni somo la lazima. Kila mwanafunzi atatakiwa kufanya mradi. Miradi ya kupanda miti na kufagia soko itakuwepo mingi. Kikundi cha wanafunzi wa Kilifi au Voi kinaweza kuchagua kuwa mradi wao ni shule yao wenyewe: kuuliza nani anapata taabu darasani na kwa nini, kuandika mapendekezo matano, kuyapeleka kwa mkuu wa shule. Mabaraza ya wanafunzi yanaweza kuyasukuma. Tamasha za muziki na drama zipo kila mwaka, na mwaka mzima sijasikia ngonjera moja juu ya disleksia.

Kwa mzazi, pa kwanza ni kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, ambacho watu wengi hukijua kwa herufi zake, EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kwa kawaida huwa chini ya ofisi ya elimu ya kaunti au kaunti ndogo. Uliza hapo. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, Nairobi, nayo hufanya tathmini na kufundisha walimu. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003 na kinaweza kukuunganisha na wazazi wengine. Mpime mtoto masikio na macho kwanza, kwa sababu wapo walioitwa wakaidi miaka mitatu kumbe hawasikii.

Ukienda, nenda na madaftari yake ya miaka miwili au mitatu, si ripoti za alama peke yake. Andika mambo uliyoyaona nyumbani: alianza kusema lini, anaogopa sauti gani, anapenda nini mpaka kupitiliza, analala vipi. Kama dada yake mkubwa ndiye anayemfundisha jioni, nenda naye, maana pengine anajua zaidi yako. Ripoti ukiipata, peleka nakala shuleni na uombe ihifadhiwe katika faili lake. Baraza la Mitihani, KNEC, lina mipango maalum kwa watahiniwa wenye ulemavu, ikiwemo kuongezewa muda, lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa zao wakati wa usajili, na usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Ukisubiri hadi Oktoba umechelewa.